Nyuma ya Kibendera cha Kijani

Mzee wetu wa Tanga aliteremka mapokezi saa saba usiku, begi mkononi, kofia kichwani, tayari kwa safari. Hakukuwa na mtu. Mlinzi wa hoteli alimtazama, naye akamtazama mlinzi, kila mmoja na maswali ambayo mwenzake asingeyaelewa. Mwishowe mlinzi akamletea glasi ya maji ya moto, maana China maji ya moto ndiyo karibu yenyewe, kama kwetu kiti. Tulipoteremka sisi wengine asubuhi tulimkuta amelala kwenye kochi, glasi imepoa mezani.

Kisa kilikuwa hiki. Jioni iliyotangulia mwongozaji wetu alitangaza kwamba tungekutana hapo saa moja asubuhi twende stesheni. Kijana huyu wa Kichina alisomea Kiswahili chuo kikuu hapo hapo Beijing, jiji ambalo limefundisha lugha yetu tangu miaka ya 1960, na alikijua barabara, pamoja na saa zake. Aliposema saa moja alimaanisha saa moja. Lakini mzee alijipigia hesabu yake: huyu ni mgeni, wageni husoma saa kama ilivyoandikwa, kwa hiyo moja yake ni ile ya usiku wa manane.

"Kijana wangu, mimi nilidhani umesema saa ya kwenu."

"Mzee, nilisema saa ya kwenu," akajibu, huku akiwa ameinamisha kichwa kwa aibu isiyo yake.

Saa ya China yenyewe ni kiroja. Nchi nzima, kutoka pwani ya Shanghai hadi milima ya Xinjiang, hufuata saa moja ya Beijing, iliyo mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano. Kashgar, magharibi kabisa, jua la Desemba huchomoza wakati mishale ya Beijing ikisema saa nne asubuhi. Mswahili anayehesabu saa zake tangu jua lichomoze angefika huko akaitupa saa yake kisimani.

Tulikuwa kumi na wanne, kwa siku kumi na moja, nyuma ya kibendera cha kijani kilichofungwa kwenye fimbo ya kuvuta kama antena ya redio. Kila mtu alipewa kidude cha sikioni ili asikie maelezo hata akiwa nyuma hatua hamsini. Hasara yake ni kwamba unasikia kila kitu: mwongozaji akinunua maji, akibishana na dereva, akihesabu vichwa kwa Kichina chini kwa chini. Kiswahili chake kilikuwa na kasoro moja tu, nayo ilitokana na adabu kuzidi. Alimwamkia kila mtu shikamoo. Binti wa Mwanza, ambaye hajatimiza miaka ishirini na mitano, alicheka siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alikuwa ameshazoea na anaitikia marahaba bila kupepesa.

Wapo wanaodharau safari za namna hii. Nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nikiwaona watalii Zanzibar wakiburutwa kutoka Ngome Kongwe hadi sokoni Darajani kama mbuzi wa mnada, nikaapa kwamba mimi nikisafiri nitasafiri peke yangu, nitapotea, nitaona vya kweli. Nilikuwa sijajua kwamba mtu anayesafiri peke yake huenda na macho mawili tu, tena yale yale aliyotoka nayo nyumbani. Kwenye basi letu alikuwamo fundi ujenzi mstaafu, yaani huyo mzee. Mama anayeuza mabegi Kariakoo. Mwalimu wa sekondari aliyekulia Kyela. Kijana wa Moshi mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye kabla ya hapo alipanda Kilimanjaro miaka sita akibeba mizigo ya wageni. Mtu na mkewe wa Mombasa. Na wengine ambao sitawataja kwa sababu walilala karibu njia nzima. Nusu ya niliyoyaona China niliyaona kwa macho ya hawa.

Chukua kasri la wafalme la Beijing. Wachina huliita Gugong, kasri la zamani. Lilijengwa kati ya 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle wa ukoo wa Ming, wakapokezana humo wafalme 24 mpaka utawala wao ukakoma mwaka 1912, na tangu 1925 ni makumbusho. Hayo yamo katika kila kijitabu. Ukifika, unachokiona kwanza ni migongo ya watu, kisha uwanja wa mawe usio na mti hata mmoja, kisha migongo mingine. Mimi ningepita moja kwa moja. Mama wa Mombasa ndiye aliyesimama mbele ya lango jekundu akaanza kuhesabu kwa kidole njumu zake za dhahabu, kila moja kubwa kama embe dodo: tisa kwenda juu, tisa kwenda kando, themanini na moja kwa kila ubao.

"Huu ni mlango wa Lamu," alimwambia mumewe, "ila huu umelishwa vizuri."

Mwongozaji akaeleza kwamba tisa ilikuwa namba ya mfalme, na raia asingethubutu kuipigilia mlangoni kwake. Mama akasema hata kwetu mlango ulisema mwenye nyumba ni nani, watu wakausoma kabla ya kupiga hodi.

Mzee wa Tanga naye tulimpoteza, tukamkuta nyuma ya ukumbi wa tatu, ameegemea ukingo wa ngazi, akitazama jiwe. Ni jiwe moja tu, limelazwa katikati ya ngazi kama zulia, limechongwa majoka na mawingu. Urefu wake unazidi mita 16, uzito wake zaidi ya tani 200. Lilichimbwa Fangshan, kusini-magharibi mwa jiji, mwendo wa makumi ya kilomita. Alitaka kujua jambo moja, la fundi: lilifikaje? Mwongozaji akamwambia kwamba walisubiri baridi kali. Njiani kote walichimba visima, wakateka maji, wakayamwaga barabarani usiku yagande, na asubuhi maelfu ya watu wakaliburuta jiwe juu ya barafu.

Mzee alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo barabara waliijenga kwa maji," akasema, "na ikishapita kazi, inajibomoa yenyewe. Hakuna kifusi." Hakuna maelezo ya kasri lile niliyoyakumbuka zaidi ya hayo.

Nilipenda pia vizingiti. Milango ya kasri ina vizingiti virefu vya mbao, unainua mguu kama unavuka mfereji, lakini baadhi vimekatwa. Vilikatwa kwa ajili ya Puyi, mfalme wa mwisho, aliyeachishwa ufalme akiwa mtoto wa miaka sita lakini akaruhusiwa kuendelea kuishi ndani hadi 1924. Alipewa baiskeli, akataka apite nayo bila kushuka.

Tukiwa tunatoka, mwongozaji alitusimamisha kivulini na kutupa habari aliyoihifadhi kwa ajili yetu. Mwaka 1415, mafundi wakiwa bado kazini hapo, wajumbe kutoka Malindi walimpelekea Yongle twiga. Mwingine alikuwa amefika mwaka uliotangulia kwa njia ya Bengal. Baraza lilimtangaza kuwa ni qilin, mnyama wa baraka anayesemekana kujitokeza pale tu nchi inapotawaliwa na mfalme mwema, na wachoraji wakamchora. Hizo ndizo zama za Zheng He, amiri Mwislamu aliyeongoza misafara saba ya majahazi makubwa kati ya 1405 na 1433, baadhi yake ikafika pwani yetu.

"Na sisi tukapewa nini?" aliuliza yule bwana wa Mombasa, mfanyabiashara kwa damu.

Sahani, ningeweza kumjibu. Makaburi ya nguzo pale Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani za kaure za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa, na Gedi walizifukua kwa wingi. Mwaka 2013 wachimbaji wa mambo ya kale walipata katika kisiwa cha Manda, jirani na Lamu, sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati na jina la Yongle huyo huyo. Na chai. Neno lenyewe ni lao, *cha*, limepita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kufika kwenye birika zetu.

Ukuta Mkuu nitaupita haraka, kwa sababu umeshasemwa sana na picha zake hazidanganyi. Tuliuparamia Mutianyu, sehemu iliyojengwa upya wakati wa Ming. Wakijumlisha kuta zote za koo zote, pamoja na mahandaki na vizuizi vya asili, Wachina wenyewe mwaka 2012 walitangaza kilomita 21,196. Mzee aliukwangua mchanga wa maungio kwa ukucha aliposikia kwamba Ming walichanganya chokaa na uji wa mchele unaonata. Binti wa Mwanza na kijana wa Moshi waliteremka kwa kigari cha kuteleza kwenye mfereji wa chuma, wakipiga kelele ambazo sote tulizisikia masikioni, maana binti alikuwa ameshikilia kinasa sauti cha mwongozaji.

Njiani kurudi, basi lilikata kona likaingia kwenye eneo la kuegesha lenye mabasi mengi kuliko la Ukuta. Karibuni mjifunze utamaduni wa jiwe la jade. Mafunzo yalichukua dakika tano, duka likachukua saa nzima. Hapa ndipo safari za kikundi zinapopata sifa mbaya, na kwa haki. Zamani baadhi ya kampuni ziliuza safari kwa bei ya chini kuliko gharama yake, kisha zikafidia kwa kamisheni za maduka. Mteja alikuwa hanunui safari, yeye ndiye aliyekuwa akiuzwa. Sheria ya utalii ya China iliyoanza kutumika Oktoba 2013 ilipiga marufuku mchezo huo pamoja na kumlazimisha mgeni kununua. Duka likabaki limejaa tele.

Muuzaji alimkamata mama wa Kariakoo. Hakujua anamkamata nani. Mama ameshakwenda Guangzhou mara nyingi kuliko alizokwenda kijijini kwao, anajua kuhesabu kwa Kichina mpaka elfu na hajui neno jingine. Aliuliza bei ya bangili. Muuzaji akaandika tarakimu kwenye kikokotoo. Mama akakichukua, akafuta sifuri mbili, akamrudishia. Muuzaji akashika kifua. Mama akakaza mkoba begani, akaanza kuondoka, si haraka wala si polepole, mwendo ule ambao ukiuona Mtaa wa Kongo unajua bei inashuka. Ilishuka mara tatu kabla hajafika mlangoni. Hakununua. "Nilikuwa naangalia tu ghorofa lina ngazi ngapi," alituambia ndani ya basi.

Treni ya Xi'an ndiyo hiyo mzee aliyoiwahi kwa saa sita. Ni kama kilomita 1,200, na zile za haraka zaidi hazimalizi saa tano. Unaingia kwa pasipoti, lango hufungwa dakika chache kabla, na anayebaki amebaki. Ndani kuna birika la maji ya moto mwisho wa behewa; abiria wote walikwenda na tambi zao za kopo na chupa za chai. Mzee alikaa dirishani bila kusema. Ilipogonga kilomita 300 kwa saa kwenye kibao cha juu, alinong'ona "*kuai, kuai*", haraka, haraka, na mhudumu aliyekuwa anapita akageuka kwa mshangao.

Neno hilo alilipata 1973 akiwa kibarua wa miaka ishirini kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA. Msimamizi wake Mchina alikuwa akilisema kutwa, kisha anashika sururu na kulitenda yeye mwenyewe. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zilizotandikwa kati ya 1970 na 1975. Baadhi ya Wachina hao hawakurudi kwao. Makaburi yao yako nje kidogo ya Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto. Mwongozaji wetu, aliyezaliwa zaidi ya miaka ishirini baada ya reli kukamilika, alimwomba mzee ahamie kiti cha jirani yake. Njia nzima mambo yaligeuka: mwongozaji akawa anauliza, mtalii akawa anaeleza.

Wanajeshi wa udongo wa Xi'an walifukuliwa Machi 1974 na wakulima waliokuwa wanachimba kisima. Wanakadiriwa kufika 8,000, walinzi wa kaburi la Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China iliyounganishwa, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo. Kaburi lenyewe halijafunguliwa. Umati hapo ni wa kutisha; unasukumwa hadi kwenye ukingo, unatazama chini, unaona safu za wanaume wa rangi ya vumbi. Walikuwa wa rangi zote, nyekundu, kijani, zambarau, lakini rangi ilibanduka kila walipofikiwa na hewa kavu.

Mwalimu wa Kyela hakutazama nyuso. Alitazama askari aliyevunjika kiunoni. "Miguu ni mizito, imejazwa. Kifua ni tupu," alisema. Akaeleza jinsi akina mama wa Kikisi kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanavyopandisha chungu kwa kamba za udongo, duru juu ya duru, wakilainisha kwa kigae cha kibuyu. "Huyu naye amepandishwa hivyo hivyo kuanzia hapa kwenda juu. Chini wamejaza ili asianguke." Mwongozaji akamwambia ndivyo wataalamu wanavyosema. Mwalimu akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa kuwa mvua imenyesha wakati nguo zake zimelowa.

Mchana tukaenda mtaa wa Waislamu, Wahui, ambao wazee wao wa mbali walikuja na misafara ya njia ya hariri. Msikiti Mkuu wa Xi'an kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 742, ingawa majengo yaliyopo mengi ni ya Ming na baada yake. Hauna kuba. Una bustani, malango ya mbao, mapaa yaliyopinda pembe, na mnara wa pembe nane ambao usingeudhania mnara. Kasri na mahekalu ya China huelekea kusini. Huu umelazwa mashariki kwenda magharibi, kwa sababu ukiwa Xi'an, Makka iko magharibi. Jengo zima limegeuzwa kwa ajili ya kibla.

Wasio Waislamu huishia kizingitini. Sisi sita tukatawadha, tukaingia. Mzee wa Kihui mwenye kofia nyeupe alitoa salamu, tukaitikia, na baada ya hapo hatukuwa na lugha ya pamoja hata chembe mpaka imamu, ambaye wao humwita *ahong*, alipokimu swala. Kisha hapakuwa na haja ya mkalimani.

Chakula kilikuwa *yangrou paomo*, mchuzi wa kondoo na mkate. Unaletewa bakuli tupu na mikate miwili migumu kama vigae, na kazi ni yako: uimegemege mpaka iwe punje ndogo, ndogo kweli, kama kunde. Kisha bakuli hurudishwa jikoni, mpishi akauchemsha mkate wako ndani ya mchuzi. Mimi nilimega vipande vya haraka haraka. Mhudumu alitupa jicho kwenye bakuli langu, akalisukuma kurudi kwangu. Dakika ishirini nyingine. Meza nzima ikawa kama kina mama wanaochambua mchele, vidole vinafanya kazi na midomo inafanya kazi, na hapo ndipo tulipojua majina ya watoto wa kila mtu. Kilipokuja, pamoja na vitunguu saumu vya siki na pilipili ya kusaga, bwana wa Mombasa alisema ni mbaazi na mahamri yaliyopotea njia.

Kutoka Xi'an tuliruka hadi Guilin, kusini, kwenye vilima vya chokaa vinavyochomoza kila kimoja peke yake kama meno. Mto Li tuliushuka kwa boti. Kila abiria alinyanyua noti yake ya yuani 20 kulinganisha mchoro na mandhari ya Xingping, kweli vikalingana. Wavuvi wenye ndege weusi waliofundishwa kuzamia samaki wapo, wamevaa makofia ya mianzi, ila siku hizi wengi wao huvua picha.

Longji ndiyo niliyotaka kuifikia tangu mwanzo wa sura hii. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi kaskazini mwa Guilin, milimani, kwenye matuta ya mpunga yaliyoanza kuchongwa enzi za Yuan, zaidi ya miaka 600 iliyopita. Mwezi wa tano maji yameshafunguliwa lakini mpunga haujapandwa, na mlima mzima unakuwa ngazi za vioo. Vishamba vingine ni vidogo mno. Wenyeji husimulia habari za mkulima aliyehesabu mashamba yake jioni akakuta moja limepungua. Alihesabu tena na tena, akakata tamaa, akaokota koti lake la mvua aende zake, na shamba likawa chini ya koti.

Kijana wa Moshi hakuwa na habari na matuta. Alikuwa anafuata maji. Msitu umeachwa kileleni bila kuguswa. Maji hutoka huko, hupita kijijini, kisha hushuka tuta kwa tuta kwa mifereji na mianzi iliyopasuliwa. "Mfongo," alisema, jina la mifereji ya Wachagga. Aliuliza nani anagawa maji, na wa chini hulindwaje asinyimwe na wa juu. Mwongozaji hakujua, akamuuliza mwanakijiji, na majibu yakachukua robo saa, na mimi nikafuta maneno yote ya uzuri wa mandhari niliyokuwa nimeyaandika kwenye daftari.

Basi halifiki kijiji cha Ping'an, cha Wazhuang. Kutoka barabarani ni ngazi za mawe. Pale chini walikuwa wanatusubiri wanawake wenye matenga ya mianzi mgongoni, wengi wao watu wazima. Mmoja, nywele nyeupe, mfupi kama kinu, alimfuata mzee wetu akashika begi lake. Mzee akalivuta. Bibi akalivuta.

"Mwambie mimi simbebeshi mama wa watu mzigo," mzee akamwambia mwongozaji. "Ni mkubwa kama dada yangu."

Bibi alisikia tafsiri, uso ukamwiva. Alisema maneno mengi ambayo mwongozaji aliyafupisha kwa uchache usioaminika.

Kijana wa Moshi akasogea. "Mzee, samahani, naomba nikuambie kitu. Mpe. Nilipokuwa mlimani, aliyetuumiza hakuwa mgeni mwenye begi zito. Ni yule aliyetuonea huruma akabeba mwenyewe. Usiku yeye analala na moyo mweupe, mimi nalala bila hela."

Mzee alitazama begi, akamtazama bibi, akaliachia. Bibi alilitumbukiza kwenye tenga, akaongeza la mama wa Kariakoo juu yake, akaanza kupanda kama mtu anayekwenda kuchota maji. Kufikia kona ya tatu hatukumwona tena. Mzee alisimama kila baada ya ngazi kumi, mkono kiunoni, akisingizia kutazama matuta.

Tulimkuta amekaa juu ya jiwe, tenga ameliegesha, anakula alizeti. Alimtazama mzee akihema, akasema neno na mwongozaji.

"Anauliza una miaka mingapi."

"Sabini na moja."

"Yeye sitini na sita. Anasema wapo wanaume pale juu wenye kiti cha kubebea watu. Wawili wanakushika, huku na huku. Anauliza awaite?"

Sote tukanyamaza. Mzee alijifuta jasho, akainua macho akazitazama ngazi zilizobaki, akayarudisha kwa yule bibi.

"Muulize," akasema, "wanatoza kwa kilo au kwa kichwa?"